Nyumba Tatu za Wayahudi

Enzi zetu, Jumamosi asubuhi mimi nilikuwa mtu muhimu. Mtaani kwetu, nyuma ya soko la Mwanza, kulikuwa na nyumba tatu za Wayahudi, na siku hiyo ya Sabato yao wao hawawashi moto. Mama Miriamu akichungulia dirishani tu, naacha kuruka kamba, nakimbia kuwasha jiko lake la mafuta ya taa. Mama yangu, aliyekulia Musoma katikati ya Wasabato, aliwaona ni Wasabato tu. “Ni wenzetu hawa,” alikuwa akisema, “ila sijawahi kuwasikia wakiimba.”

Ujira wangu ulikuwa kipande cha mkate wa Ijumaa, uliosukwa kama nywele za msichana. Miriamu, binti yao wa rika langu, hakuutaka hata kidogo. Yeye alitaka michembe ya kwetu, viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Aliitafuna na karanga mpaka mashavu yakamuuma, halafu tukashuka ziwani kuosha miguu yenye vumbi la rede, mchezo wetu wa kukwepa mpira; ukikugusa, unatoka.

Leo naishi peke yangu Kiseke, pembeni mwa jiji. Mabango ya saluni na bucha niliyochora kwa mkono yamenilisha miaka mingi, lakini sasa wanachapisha kwa mashine. Nina rangi na muda, na wa kuongea naye hayupo. Kwa hiyo nimeanza kuchora ramani ya mtaa ule, nyumba kwa nyumba. Juzi nilikwenda kuhakikisha. Nikakuta ghorofa la vioo. Nikamwonyesha ramani yangu binti anayeuza kava za simu pale chini, nikamuuliza habari za mtaa ule.

“Shikamoo bibi. Mbona unajichosha? Ramani si ipo kwenye simu!” Akanionyesha duka la dawa, benki na kibanda cha chipsi.

“Nyumba za Wayahudi je?”

“Wayahudi? Wale wa kwenye Biblia?”

Nikacheka, nikarudi nyumbani. Nyumba mbili nilizimaliza jioni ile ile. Ya tatu, ya kina Miriamu, ilinishinda mlangoni. Ulikuwa wa bluu au wa kijani? Mama hayupo tena, majirani walihama zamani, sina wa kumuuliza. Na mlango ule ningeujua vizuri, kama siku ya mwisho ningeutazama.

Mimi na Miriamu tulikuwa tumegombana. Nilimpiga mpira kwenye rede, akakataa kutoka, nikamwita mwongo, nikaapa sisemi naye. Wiki ile ile baba yake akafunga karakana yake ya saa, wakaanza kupanga masanduku.

“Nenda kamuage mwenzio,” mama aliniambia. “Hawa hawarudi.”

Nikajibanza nyuma ya pipa la maji. Miriamu alikuja hadi uani kwetu. “Tabu!” aliita. Akaita tena. “Tabu!” Nikaziba mdomo kwa gauni. Baadaye nikasikia gari likiwashwa.

Watoto wa siku hizi wakinuniana asubuhi, mchana wameshatumiana vikatuni vinavyolia, yamekwisha. Mjukuu wangu aliyeko Dar alinipigia, akasema nimpe majina kamili, atamtafuta huyo Miriamu dakika moja tu. Sikuwa na la kumpa. Enzi zetu hatukuulizana jina la baba. Ulisimama uani kwa mwenzio ukamwita kwa nguvu, naye akatoka.

Mimi sikutoka.