Uliza Kabla ya Kushika Mkono wa Mtu

Nakumbuka vizuri siku ile bibi mzee wa Kihindi aliponipigia kelele mpaka wateja wakaacha kupima vitambaa dukani, wakaja uani kuona nani anauawa. Keti, mwanangu, nikusimulie. Nimesikia unasomea ualimu wa yoga, na kwamba unataka kufungua darasa lako hapa Kakamega hata kabla masomo hayajaisha. Sikukatazi. Haraka hiyo naijua.

Ilikuwa miaka ile bendera yetu ikiwa bado mpya. Nilikuwa msichana wa kijiji cha Malinya, nafundisha shule ya msingi hapa mjini, na mgongo ulikuwa umeniharibika kwa kubeba maji na kuni tangu utoto. Siku moja niliingia duka la nguo, na kabla ya kuinama kuchukua kikapu changu nikashika meza kama ajuza. Mwenye duka, mama tuliyemwita Mama Shanta, akaniuliza, "Mwalimu, mgongo unakuuma tangu lini?"

Nilishangaa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sikuzoea mtu kuuona wangu. Akanipeleka uani, akatandika mkeka, akanifundisha kulala chali na kupumua. Basi, hayo tu. Nilidhani ananichezea. Lakini Jumamosi iliyofuata nikarudi, na nyingine tena, tukaingia kwenye mikao ya yoga yenyewe, mpaka nikaweza kuchota maji bila kushika kiuno.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, tena mfugaji wa fahali wa kupigana, na habari zilimfikia.

"Muhonja, nasikia Wahindi wanakufunza kuabudu jua."

"Hapana, baba. Wananifunza kupumua."

"Kwani ulikuwanga hupumui?"

Hata hivyo aliniona nikijitwika mtungi bila kuguna, akanyamaza. Kunyamaza kwa baba yangu kulikuwa ndiyo ruhusa yenyewe.

Walimu wenzangu na akina mama wa sokoni wakaanza kuniuliza dawa ya mgongo wangu. Nikamwomba Mama Shanta anifundishe niwe mwalimu, akakubali. Lakini siku zile Wahindi wengi walikuwa wanafunga maduka, hawajui mambo yatageuka vipi, na mume wake naye akaamua wahamie Uingereza. Nikaona nitaachwa nusu njia. Nikamwambia, "Mama, kabla hujaondoka, niambie kama niko tayari."

"Si mimi wa kukuambia," akasema. "Mfundishe Baa."

Baa, yaani bibi kwa lugha yao, alikuwa mama mkwe wake. Alikuwa ameteleza bafuni, bega likakaza, mkono haupandi. Kila asubuhi mkwewe ndiye aliyemchana nywele, na bibi huyo alikuwa akilia kwa aibu huku anachanwa. Mimi hakuwahi kunisalimu. Chai nikipewa, kikombe changu kilikaa peke yake dirishani, mbali na vya nyumba. Nilikiona, nikameza chai na maneno yangu pamoja.

Basi Jumamosi iliyofuata nikaketi kando yake, kichwa kimejaa mafunzo. Nikamshika kifundo cha mkono, nikauinua kama nilivyoona ukiinuliwa. Ndipo kelele ikatoka.

"Mkono yangu hapana kamba ya ng'ombe!" akalia. "Wewe hapana uliza! Daktari hapana uliza! Mtoto yangu hapana uliza! Kila mtu navuta tu!"

Wateja wamesimama mlangoni, mimi jasho linanitoka. Nikachukua kikapu changu. Nilimwambia Mama Shanta, "Hataki kuguswa na Mwafrika, ndiyo basi."

Hakubisha. "Labda ni kweli," akasema. "Na mkono unamuuma, hilo pia ni kweli. Wewe umejibu lipi?"

Nilienda nyumbani nimekasirika, nikakaa na hasira yangu wiki nzima. Lakini neno la yule bibi halikunitoka. Daktari hakuuliza, mwana hakuuliza, na mimi niliyejiona mwalimu nimekuja kuongeza idadi. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Mimi nilikuwa nimeona ni ujinga.

Nikarudi. Safari hii nikakaa chini, mbali naye kidogo.

"Baa, leo unataka mkono ufike wapi?"

Nikaanza kupumua taratibu, sina haraka. Baada ya muda mrefu akanyanyua mkono wake mzima, akagusa kisogo. "Hapa. Nywele."

"Na ule mwingine unafika wapi kabla ya kuuma?"

Akauinua kidogo, haukufika hata kifuani.

"Basi leo tuishie hapohapo."

Akanitazama kama mtu aliyesikia jambo geni.

Tuliendelea hivyo msimu mzima wa mvua. Kila mara niliuliza. Siku nyingine alisema "Hapana," nasi tukaketi tu, tukapumua. Siku moja yeye mwenyewe akauchukua mkono wangu, akauweka chini ya kiwiko chake nimsaidie.

Halafu asubuhi moja Mama Shanta alikuja na kitana kama kawaida, Baa akampokonya. Akachana upande mmoja, akapumzika, akachana wa pili. Mama Shanta akageukia ukuta. Bibi akasema maneno kwa Kigujarati, mkwewe akanitafsiria huku anafuta macho: "Anasema wewe ni mwalimu. Anasema pia nywele zako zinataka mafuta."

Nisikudanganye: kikombe changu kilibaki dirishani hadi walipofunga mizigo. Baa hakugeuka malaika. Lakini alijichana mwenyewe mpaka siku ya kuondoka, na mimi nikabaki hapa nikifundisha akina mama wa sokoni kwa miaka mingi.

Sasa sikia. Cheti kitaonyesha kwamba mikao unaijua. Kama wewe ni mwalimu, hilo atalisema mwenye mwili unaoufundisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo usimguse mtu kabla hujamuuliza, na akikwambia hapana, hapana yake ikutoshe kwa siku hiyo. Akikukataa, usikimbilie kuamua sababu. Huenda ana chuki, huenda ana maumivu, huenda anavyo vyote viwili, na kazi yako ni yale maumivu. Kabla ya darasa la watu wengi, tafuta mmoja anayeumwa, ukae naye mpaka mkono wake ufike anapotaka yeye.

Mungu akupe mikono mipole na sikio lisilochoka. Watakaokuja kwako wamejikunja, waondoke wamenyooka. Nenda, mwanangu, ukafundishe.