Visamaki vya Chambo Nilivyoviachilia

Bwana asifiwe, wapendwa. Afya zenu? Mimi mwili mzima, ila moyo hauna raha.

Leo nimeachilia samaki kwa jina la Yesu, na huenda nimeua bwawa zima.

Mume wangu alivua visamaki vya chambo kule mto Lea. Tukavibeba vikiwa hai kwenye ndoo hadi bwawa la hapa Tottenham, tupate kuvulia samaki wakubwa.

Tulipomaliza, vikabaki vichache.

Kwetu Uvira, chambo hai kikibaki unakirudisha ziwani, unamshukuru Mungu. Basi nikavimwaga.

"Nendeni kwa amani, mkazae."

Mlinzi wa bwawa akaja mbio.

"Mama, hao umewatoa wapi?"

"Mtoni."

Akashika kichwa. Akasema sheria inakataza kuhamisha samaki hai toka maji haya kwenda maji mengine bila kibali. Wanaweza kubeba ugonjwa usioonekana, ukamaliza wenzao wote.

"Basi tuwatoe!"

"Utawatambuaje sasa?"

Mume wangu, mnamjua kwa utani, akasema, "Mama Neema, umeshawatuma wamisionari." Hata yeye hakucheka.

Kwetu ziwa ni moja, jamani. Sikujua maji nayo yana mipaka.

Chakula kimenishinda. Nikifumba macho niombe, naviona vinashuka gizani, vinawaendea wenzao, na wenzao wanavipokea.

Anayekaa karibu na bwawa lile, tafadhali apite kesho aangalie kama kuna samaki wanaoelea. Kisha anijibu upesi, hata kama ni habari mbaya.