Mstari wa Mvushaji

Meli kubwa zimepakwa mistari ubavuni, maji yakiifikia basi shehena imetosha. Msibishe, haya mambo nayajua. Mvushaji wa Mto Songwe, kule chini ya Isongole, mtumbwi wake nao una mstari wake mmoja mweupe. Kaupaka mwenyewe, na rangi bado imemganda kwenye kucha. Kabla ya kuondoka huchuchumaa, hufumba jicho moja, hukohoa, kisha huusingizia mstari: "Mstari umekataa. Shuka." Mchungaji alishuka. Mwenyekiti wa kijiji alishuka na mbuzi wake.

Juzi, mto umefura, akapanda mama mkwe wake na magunia mawili ya maharage, na ule weupe ukazama wote. Abiria wakamgeukia mvushaji. Mto ule ukifura haurudishi mtu, na mwanamume wa milima hii hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye moja kwa moja, sembuse kumwambia ni mzito. Mvushaji akakohoa. Akakohoa tena.

"Tumpale," mama akamwambia muuza dagaa aliyekaa katikati, "mwambie mkwe maharage haya ni ya msibani, hayashuki."

"Mwambie mama nimesikia," mvushaji akajibu, macho majini.

Akavua viatu, akashuka yeye. Maji yakamfika kifuani. Mkono mmoja akashika kamba iliyofungwa ng'ambo hadi ng'ambo, wa pili akausukuma mtumbwi, uliokuwa umeinuka sasa kama inavyotakiwa.

"Tumpale," mama akasema, "mwambie mkwe asukume taratibu, ananirushia maji."