Taa za Amplifaya ya Mzee Hasanali

Anyitike alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akisikia kitu kinalia vibaya, hatulii mpaka akifungue. Bahati nzuri ugonjwa huo ulimpa kazi. Pale Ipagala, mjini Dodoma, kila fundi nguo ambaye cherehani yake imegoma aliijua nyumba ya Anyitike, na mara nyingi mama huyu hakuhitaji kuambiwa tatizo. Aliuzungusha mtambo kwa mkono, akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akasema, "Hapa uzi umejisokota," au, "Huyu amekaukiwa mafuta." Kwake mashine nzima ni ile inayosema neno lake tu. Mkwaruzo wowote ni kosa, na kosa lazima litafutwe lilipojificha.

Si mwenyeji wa Dodoma. Alitoka Tukuyu, kwenye mvua na migomba, akaolewa na Abeli, Mgogo wa Haneti, dereva wa ofisi moja kule Mtumba. Vumbi alilizoea. Mlenda aliuzoea pia, na siku hizi anaupika mpaka majirani wanakuja na vibakuli. Kitu kimoja tu kilimshinda kuzoea, nacho ni baba mkwe wake.

Si kwamba Mzee Gideoni alikuwa mkali. Angekuwa mkali wangegombana, wakapatana, mambo yakaisha. Shida ilikuwa adabu. Anyitike alilelewa na bibi yake, na bibi wa Kinyakyusa wa zama zile alimfundisha kwamba mke hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Akimwona anakuja njiani, atoke pembeni mpaka apite. Kanisa na maisha ya mjini vimelegeza mambo hayo, lakini miguu ya Anyitike haikupewa taarifa. Mzee akiingia sebuleni, miguu inakwenda jikoni yenyewe. Na mzee naye alikuwa na haya zake kwa mkaza mwana. Miaka yote ya ndoa mazungumzo yao yalikuwa "Shikamoo baba," "Marahaba, hamjambo?" na "Hatujambo," basi. Neno lolote la ziada lilipitia kwa Abeli, hata kama wote watatu wako chumba kimoja. "Abeli, mwambie mkeo chumvi imetosha." Na Anyitike, aliyesimama hapo hapo na sahani mkononi, anasubiri aambiwe.

Zamani mzee huyo hakuwa mkimya. Alikuwa mpiga ilimba, ile marimba ya Wagogo ya kushika mkononi, kisanduku cha mbao chenye vyuma vingi vinavyochezwa kwa vidole gumba. Haneti nzima walimjua. Kisha vidole gumba vikakakamaa, ilimba ikatundikwa ukutani, na mwaka mmoja mchwa wakaila mpaka vikabaki vyuma. Haya yote yalitokea kabla Anyitike hajaolewa, kwa hiyo hakuwahi kuisikia hata mara moja. Alichokikuta yeye ni mzee anayekuja mjini kwa ajili ya kliniki, anakaa kibarazani na kuvitazama vidole vyake.

"Baba anazimika kidogo kidogo," Abeli alisema siku moja. "Zamani ungemsihi anyamaze. Sasa hata mimi hanisemeshi."

Jambo hilo lilimuuma Anyitike kuliko alivyoonyesha. Ndipo akaikumbuka kaseti. Abeli alipokuwa kijana alimrekodi baba yake akipiga, na kaseti hiyo ilikuwa imelala kwenye droo kwa sababu nyumbani hapakuwa na cha kuichezea. Anyitike akaweka nia: mzee akija kliniki safari hii, atajisikia mwenyewe akipiga. Labda akijisikia atasema kitu, kwa mtu yeyote, hata kwa paka.

Mwenye cha kuichezea alikuwa Mehnaz, muuza nyuzi na vifungo mjini, ambaye cherehani zake zote zilipita mikononi mwa Anyitike. Aliposimuliwa habari hiyo alifungua stoo na kufunua shuka. Chini yake palikuwa na deki ya kaseti, spika mbili, na amplifaya nzito ya marehemu baba yake, Mzee Hasanali, yenye vioo vimesimama juu ya mgongo wake.

"Hizi ni taa?" Anyitike aliuliza, tayari ameshapiga magoti.

"Baba aliziita taa. Wengine wanasema valvu. Chukua, dada. Hapa inalala tu, na wewe ndiye mtu pekee ninayemjua atakayeifurahia hata ikiwa imezimwa." Akampa na bati la biskuti lililojaa taa za akiba. "Nne kubwa za nyuma ndizo zinazoisukuma sauti, usiziguse, baba aliziweka mwishoni mwishoni. Hizi ndogo mbili za mbele ndizo zinazoipokea sauti kwanza, na ndizo zinazochakaa. Ukitaka kubadilisha, zima, chomoa waya ukutani, subiri zipoe kabisa. Na chini ya sanduku usitie kidole, kuna umeme unabaki hata ukichomoa."

Anyitike alifika nyumbani akiwa na furaha ya mtoto wa Krismasi. Abeli alikuwa safarini Mpwapwa na bosi wake, nyumba ilikuwa yake peke yake. Akaunganisha nyaya, akawasha, akangoja taa ziwake rangi ya chungwa, akatia kaseti.

Ilimba ikalia. Na nyuma ya ilimba kukawa na mkwaruzo, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kiberiti.

Alisikiliza tena. Chuma kikipigwa, nyuki anaamka. Chuma kikinyamaza, naye ananyamaza. Alimpigia Mehnaz simu.

"Baba alisema taa ikilegea ndani inatetemeka na sauti," Mehnaz alimwambia. "Igonge taratibu kwa penseli. Ukisikia 'ting' kwenye spika, ndiyo hiyo."

Basi Anyitike akaanza uchunguzi wake. Kwanza alikosea kama ambavyo ungekosea wewe: kwa kuwa zinaitwa taa, akachagua zilizowaka zaidi. Mehnaz akacheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Dada, hazikuwekwa kumulika!" Akajifunza kusoma namba zilizofifia kwenye kioo kwa kuzihemea, kwa sababu miguu ya taa mbili inaweza kufanana na tabia zikawa mbalimbali. Akajifunza kwamba taa nzima ina weusi unaong'aa kichwani, na weusi huo ukigeuka mweupe wa maziwa ujue hewa imeingia, hiyo ni ya kutupa. Akazitenga juu ya meza ya cherehani, hizi za kutupa, hizi zinazolia "ting", hizi zilizotulia. Kila jozi aliitia, akasikiliza, akazima, akasubiri, akatoa. Zilizolia "ting" zilikuwa na nyuki. Zilizotulia nazo zilikuwa na nyuki, tena aliyesikika vizuri zaidi. Anyitike alikuna kichwa. Alimpigia hata Abeli, lakini Abeli alikuwa barabarani, akajibu kwa kupaza sauti juu ya mngurumo wa gari kwamba labda kaseti imezeeka.

Chini kabisa ya bati alikuta jozi isiyo na boksi, vioo vimeingia ukungu wa kahawia kwa matumizi. Aliitia bila matumaini. Sauti ikatoka nene, laini kama uji uliopoa. Nyuki hayupo! Anyitike aliipigia makofi amplifaya ile, peke yake sebuleni, kisha akazifungia taa nyingine zote kwenye bati na kuliweka juu ya kabati. Alijua amemaliza kazi.

Siku ya kliniki Abeli alimleta baba yake kutoka Haneti, wakapita hospitali, wakafika nyumbani mchana. "Shikamoo baba." "Marahaba, hamjambo?" "Hatujambo." Miguu ya Anyitike ikaelekea jikoni. Akasimama nyuma ya pazia la mlango na mwiko mkononi, moyo unamdunda kama wa bibi harusi, akamsikia Abeli akibonyeza deki.

Ilimba ikalia, nene na safi. Mzee Gideoni aliinamisha kichwa. Alisikiliza wimbo wa kwanza, akasikiliza nusu ya wa pili.

"Ni nani huyu?" akauliza.

"Ni wewe, baba. Nilikurekodi mimi, pale pale uani kwetu."

"Siyo mimi." Mzee alitikisa kichwa, bila hasira. "Huyu anagonga vijiko. Zima, mwanangu."

Abeli alizima. "Kweli kuna kitu kimepungua," akasema pole pole, "ila sikikumbuki ni nini." Kabla hajakitafuta simu yake ikaita, bosi anataka kupelekwa Mtumba sasa hivi. Akachukua funguo, akaondoka.

Nyumba ikabaki na watu wawili ambao hawajawahi kubaki wawili. Nyuma ya pazia Anyitike aliona aibu, na huzuni, maana kupitia kipenyo cha pazia alimwona mzee amevirudia vidole vyake. Kazi yote ile, na amemwongezea ukimya! Angeweza kutokea mlango wa uani akaenda kwa jirani mpaka Abeli arudi. Bibi yake angemshauri hivyo. Lakini ule ugonjwa ulikuwa umekwisha kupanda. Kitu kimepungua, na mtu anayejua ni kitu gani amekaa pale kwenye kochi. Anyitike akaibishia miguu yake, akafunua pazia.

"Baba," akasema, macho sakafuni, "imepungukiwa nini?"

Mzee Gideoni alitazama huku na huku amtafute Abeli, ili jibu lipitie kwake. Abeli hayupo. Akakohoa.

"Buibui," akasema.

Anyitike alidhani uzee umeanza kumchezea. "Buibui yupi, baba?"

"Wa ilimba." Mzee aliona mwenzake bado amesimama. Akaendelea, akilisemesha zulia. "Sanduku la ilimba lina tundu. Juu ya tundu unabandika utando wa buibui. Siyo ule wa kunasia nzi. Ule mweupe, wa ukutani, anaofunikia mayai yake. Ukipiga chuma, utando unatetemeka. Zzz. Zzz. Ilimba bila hiyo sauti haijaiva. Watu hawainuki kucheza." Akaonyesha spika kwa kidevu. "Huyo hana buibui."

Anyitike akaketi chini, pale pale, mbele ya baba mkwe wake.

"Baba," akasema, "mimi ndiye niliyemfukuza."

Akamweleza yote: nyuki, penseli, bati la biskuti, taa zilizochakaa mpaka haziwezi tena kusikia kitu chembamba, jinsi alivyozichagua hizo hasa kwa uziwi wao. Alieleza kwa kasi, mikono ikisema pamoja na mdomo, akasahau kuangalia sakafu. Na Mzee Gideoni akafanya jambo ambalo Anyitike hakuwahi kulisikia. Alicheka. Kilikuwa kicheko kilichokaa sana bila kutumika, kikatoka na kikohozi.

"Umemtafuta buibui wangu kama chawa!"

"Kama chawa, baba!"

Akazima, akachomoa waya, akashusha bati. Kisha ikabidi wangoje taa zipoe, na kungoja huko hakuna njia ya mkato. Mzee akauliza kwa nini kioo ni cheusi kichwani. Akajibiwa. Akauliza hewa inaingilia wapi. Anyitike akasema hajui, na wote wawili wakaigeuza geuza taa moja kwenye mwanga wa dirisha wakitafuta mahali ambapo hewa ingepita.

Wakatia jozi ya kwanza. "Mm-mm," mzee akasema. "Huyo ni nyigu. Anapiga kelele hata nisipogusa chuma." Anyitike akaigonga kwa penseli. Ting. Kweli tupu. Wakatia nyingine, buibui akawa mbali, kama yuko nyumba ya jirani. Wakangoja tena. Mzee akasimulia jinsi buibui wa nyumba za tembe alivyo bora kuliko wa nyumba za bati. Kisha Anyitike akatia ile jozi iliyokuwa imetulia kuliko zote, ile iliyomtoa jasho kwa sababu nyuki wake alisikika vizuri mno.

Chuma cha kwanza kikalia, na utando ukatetemeka nyuma yake, mwembamba, hai.

Mzee Gideoni machozi yalimtoka, hakuyafuta. Juu ya magoti yake vidole gumba vilivyokakamaa vilianza kutafuta vyuma ambavyo havipo, kwa taabu, vikichelewa kila mahali, lakini vikijua njia. Anyitike naye alilia, hakujificha jikoni. Kaseti ilipofika mwisho aliuliza kile kilichokuwa kikimwasha tangu mwanzo.

"Baba, utando unabandikwaje?"

"Hebu lete kidole chako gumba," mzee akasema, "nikuonyeshe."

Abeli aliporudi jua lilikuwa limeanza kupoa. Amplifaya ilikuwa imezimwa. Kabati la sebuleni lilikuwa limesogezwa kutoka ukutani, mke wake yuko juu ya stuli na kisu cha mkate, na baba yake ameshikilia stuli hiyo kwa mikono miwili, anaelekeza. "Siyo huyo, huyo ana watoto. Yule wa kushoto. Polepole, mwanangu, usiuchane utando."

Abeli alisimama mlangoni na funguo mkononi. Kwa mazoea ya miaka yote akajitolea kufanya kazi yake.

"Baba, unataka nimwambie nini?"

"Ngoja kwanza," Mzee Gideoni akajibu bila kugeuka. "Tunaongea."