Tulivyomnyima Salamu Bwana Mifugo

Nilirudi kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi, na diploma ya uhasibu, ya kwanza pale, niliyojisomesha mwenyewe kwa kubeba mizigo Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba walifika kila mmoja na mizani yake, na kila aliyeweza alifungua duka. Hata bwana mifugo, aliyeletwa na serikali kusimamia josho la kuogeshea mifugo, alifungua duka lake mjini, la dawa za ng'ombe. Josho likakauka, kupe wakajaa, ng'ombe wa baba wakaanza kufa kwa ndigana.

"Nitaandika barua wilayani wamwondoe," nikamwambia baba.

"Andika, mwanangu. Na sisi tutafanya la kwetu."

Niliipiga kwa taipureta, aya saba, na hadi leo sijaona barua ya kijijini iliyoifikia. Majibu yakachelewa. Mtemi wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, akaitisha mkutano: bwana mifugo asisalimiwe, asipewe moto wala maji, hadi aondoke. Atakayesema naye atatoa mbuzi.

Asubuhi moja nikakutana naye njiani, anasukuma pikipiki.

"Mwangaluka," akaniamkia. Nikanyamaza. "Hata wewe, msomi?"

Nikashindwa. "Nimekushtaki wilayani. Aya saba!" Nilitaka ajue barua imetoka kwa nani.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia pamba akainuka na jembe lake. "Kasema! Jamani, diploma imesema!"

Mbuzi wangu aliliwa jioni ileile. Mtemi akanimegea paja. "Kula, msomi, usione haya. Ni wako."

Mwezi haukuisha, bwana mifugo akaenda mwenyewe wilayani kuomba ahamishwe. Alisema njaa angeivumilia, si ukimya ule. Karani wa pale alinisimulia baadaye kwamba walifungua faili lake na kukuta barua yangu. Hawakumhamisha, wakamwachisha kazi. Kwa hiyo kijiji kilimtoa, lakini mimi ndiye niliyezuia asipelekwe kwa wengine.

Baba alikuwa amebakiwa na ng'ombe tisa. Siku bwana mifugo mpya alipojaza josho, baba alisimama ukingoni akimwita kila ng'ombe kwa jina, hadi ng'ombe huyo alipotokea upande wa pili akichuruzika dawa. Nimekaa ofisi nyingi tangu hapo, zenye viti vya kuzunguka. Harufu ile ya josho bado naitamani.