Dawa Yangu Ilivyochemka

Nyumbani kwetu neno dawa halikuwa na uhusiano na ugonjwa. "Dawa yako inachemka," Mama alikuwa akiniambia kila nilipovunja kikombe, na dawa yenyewe ilikuwa fimbo ya mti wa muwati iliyokaa juu ya kabati. Nilikuwa msichana wa miaka minane, na vikombe vilivunjika sana.

Tulikuwa tumehamia Cheptiret, karibu na Eldoret, kutoka upande wa Mlima Kenya, Baba alipojiunga na wenzake kununua shamba la mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Wakati wakisubiri kugawana vipande, alifungua duka kando ya barabara. Humo nilipanda magunia, nikaanza kupanga misumari, nikaiacha nikimbilie kuona lori, na njiani nikamwaga mafuta taa. Shuleni mambo yalikuwa hayo hayo. Mwishowe mwalimu alimwita Mama, akamwambia kwamba nisipojua kukaa kitini, mwaka ujao kiti hicho atapewa mwingine. Hakuwa anatania. Nchi ilikuwa yetu sasa, na kila mzazi alitaka mtoto wake asome.

Basi Mama akanipeleka kwa daktari mjini Eldoret. Daktari alinitazama nikizungusha kiti chake na kufungua droo zake, kisha akasema kwa upole, "Mama, huyu si mtundu. Akili yake inakimbia kumshinda yeye mwenyewe. Kuna dawa. Tutampatia nusu asubuhi, nusu saa sita, halafu tuone."

Nusu asubuhi, nusu saa sita! Nilizoea kuchapwa, lakini si kwa miadi, tena na mtu mwenye koti jeupe. Nilichomoka mbio. Walinipata sokoni chini ya meza ya mama wa kabichi, nikilia kwamba leo sijavunja kitu. Mama alipoelewa alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akaacha kucheka, akaniangalia.

Jioni yeye na Baba wakabishana.

"Mtoto wangu si mgonjwa," Baba alisema. "Hata mimi nilikuwa hivyo."

"Na wewe ulisoma mpaka wapi?"

Baba akawasha redio.

Lakini Mama mwenyewe alikuwa na hofu. Je, dawa ikinituliza mpaka nisicheke tena? Daktari alikuwa amemwambia inaweza kusimamishwa wakati wowote wakiona hainifai, ila hilo halikumpa usingizi. Vidonge vilikaa siku kadhaa bila kuguswa, na mimi nikaendelea kufukuzwa darasani.

Ndipo siku moja, tukimenya viazi, akaniuliza, "Wewe unataka nini? Unataka kukaa darasani ama hutaki?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza. Nilishangaa mpaka kiazi kikaniponyoka.

"Nataka," nikasema. "Mimi hujaribu, Mama. Kila siku mimi hujaribu."

Aliweka kisu chini. Muda wote ule alikuwa akinichapa akidhani sitaki, na uso wake ulionyesha waziwazi kwamba sasa ameelewa. Nilimhurumia, nikamwokotea kiazi.

Asubuhi alikata kidonge kwa kisu cha mkate, akanipa nusu pamoja na chai, akakaa karibu nami mpaka kikashuka.

"Vizuri," akasema. "Sasa na mimi nitajaribu."