Kiondo cha Mfadhili

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja hapa Makongeni wakati afisa wa serikali moja ya ng'ambo alipokuja kutueleza jinsi msaada wao ulivyotumika. Alieleza bila kuficha. Wataalamu walitoka kwao, magari yakanunuliwa kwao, semina ikafanyika hotelini Nairobi. Kilichobaki kilinunua mzani wa kupimia watoto. Dawa zingesubiri.

Shosho aliyeketi kando yangu, mjukuu mwenye homa mapajani, aliniuliza polepole, "Kwani wewe ukienda kuona mtoto aliyezaliwa, unga uliobeba kwa kiondo unaupika ukiwa njiani?"

"Hapana, shosho. Naufikisha wote."

"Na ukitoka?"

"Mwenye nyumba ananitilia kitu, kiondo kisirudi kitupu."

Akaguna. Mbele, muuguzi alikuwa akituomba tumpigie mgeni makofi. Shosho akanipa mtoto nimshike, akapiga makofi kwa bidii kutushinda sote.

"Wacha nimtilie hayo," akasema. "Sina kingine, na kiondo cha mgeni hakirudi kitupu."

Mimi sikupiga. Mikono yangu ilikuwa na mtoto anayechemka.